Kisima cha Ubatizo cha Kasulo

Kolwezi, mtaa wa Kasulo
Jumatatu, kabla ya kwenda sokoni

Tata yangu mpendwa, Pasta Ngoy,

Jambo sana kwako na kwa mama Adèle. Ninatumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mguu wako wa kulia umepungua kuvimba tangu mvua zianze. Natumaini pia muhogo wa mama ulikauka vizuri kabla ya mawingu, maana mama Laure, yule muuza samaki wakavu anayekuletea barua hii, aliniambia kwamba huko Musumba mvua ya mwaka huu haikumngoja mtu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Abigaëlle, mjukuu wako, anasoma, anakula, amekuwa mrefu kunipita. Mimi bado nakaanga mikate yangu pale barabarani, na wateja hawajaniacha, hata wale wa kanisani ambao siku hizi wananunua huku wanatazama pembeni.

Nimeshakusalimu hivyo kama mtoto aliyelelewa, sasa nikuambie kwamba nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, tata, na nimeona heri niseme mwanzoni, usije ukafika katikati ya barua ukadhani mkono umeteleza. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipokupigia ulisema niongee na wazee wangu wa kanisa, kisha ukakata. Barua haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa sababu tu mama Laure amekaa mbele yako anasubiri chai.

Jumapili iliyopita Pasta Donatien, mwanafunzi wako, yule uliyemfundisha kusoma Biblia na kufunga tai, kisha ukamwachia kanisa uliporudi Musumba, alipanda madhabahuni akiwa na simu mkononi. Akaiweka karibu na mikrofoni. Sauti yako ikatoka katika spika zile kubwa mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Ulisema umesikitika. Ulisema binti yako amempiga shemasi na kuwadharau watumishi wa Mungu, na kwamba apige magoti mbele ya kanisa lote, atubu, yaishe. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma, lile la waliotengwa, kati ya mlevi mmoja na dada mmoja aliyezaa bila ndoa. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Abigaëlle alikuwa mbele na kwaya, akaanza kulia na karatasi ya wimbo mkononi. Mimi sikulia. Nilikuwa nakuuliza wewe moyoni ulishindwa nini kunisikiliza kwanza, mimi uliyenizaa, kabla ya kutoa hukumu kwa simu ya mtu mwingine.

Wamenipa mpaka Jumapili hii ya Meza ya Bwana. Nikipiga magoti na kutubu, nitarudishiwa kikwembe cha wamama, ile sare yetu waliyoninyang'anya, nitakula mkate pamoja na wengine. Nisipotubu, jina langu litasomwa mbele ya watu kuwa si wa kanisa tena, na siku nikifa nitazikwa kama alivyozikwa bwana yangu Kalonji, yaani bila kwaya na bila pasta. Hiyo ndiyo hali yangu. Na kile hasa wanachotaka nikikane nikiwa nimepiga magoti, hawakukuambia. Nitakuambia mimi, lakini kwa utaratibu wangu, kwa sababu nikianza na mwisho utasimama upande wao kabla hujasikia mwanzo.

Unakikumbuka kile kijito nyuma ya mtaa ulikonibatizia, mimi na Donatien siku moja, tukitetemeka kwa baridi na wewe ukitucheka. Siku hizi kina rangi mbaya. Watu wanaosha madini mle kuanzia juu mpaka chini, na mtoto akichezea maji yake ngozi inatoka vipele. Waliobatizwa mwisho pale walirudi nyumbani wakijikuna, na mama mmoja mzee alivimba macho hata akashindwa kuona njia. Ndiyo maana kanisa liliamua tuchimbe kisima chetu cha ubatizo uani, tukijengee simenti, tukijaze maji safi ya bomba. Lilikuwa wazo zuri, na lilitoka kwa Donatien, nisimnyime haki yake.

Wanaume walichimba kwa salongo, kila mmoja na koleo lake, bila malipo. Kalonji alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Najua jina hilo halikupendezi. Tangu nilipomleta nyumbani ulimwita Mkasai, mpita njia, na siku ya ndoa yetu ulibaki kitandani ukasema unaumwa kichwa. Alikuwa mlevi pia, sikatai. Lutuku ilimlewesha miaka mingi, na sahani zangu nyingi zilivunjikia ukutani kwa sababu yake. Lakini aliacha, tata. Asubuhi moja aliimimina chupa yake nyuma ya choo, akanawa uso, akaniomba nimpeleke darasa la ubatizo. Akakaa pale pamoja na vijana wa umri wa kuzaliwa naye, akikariri Amri Kumi kwa sauti mpaka majirani wakazijua. Aliniambia, "Siku batanibatiza, Noëlla, tata yako ataniita mukwe. Hataweza tena kusema mi ni mupita njia." Alikuwa anakungojea wewe kuliko alivyomngojea Donatien, na nakuandikia hili kwa uchungu.

Kisima kilipofika kiunoni, koleo zikaanza kutoa mawe meusi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hapa Kasulo hata kuku anaijua kobalti, maana anaparua juu yake kutwa. Wanaume waliacha kuimba. Jumapili Donatien alisimama akasema tulimwomba Mungu maji, naye ametupa na paa, na viti, na shule ya Jumapili, na gari la pasta. Watu waliruka, wakacheza. Nami nilipiga vigelegele, usidhani nilikuwa mtakatifu peke yangu. Paa lilikuwa linavuja juu ya vichwa vyetu wamama, na viti vilikuwa vimevunjika miguu. Tulidhani yatatolewa yale mawe machache, kisha simenti itaendelea.

Haikuendelea. Kisima kikawa shimo, shimo likapita urefu wa nyumba, likapinda likaingia chini ya ukuta kuelekea madhabahu. Wakalifunika kwa turubai kama mashimo mengine yote ya mtaa huu, wakaleta mashine ya kuvuta maji, na shemasi Dimitri akawekwa kulinda mlango wa uani. Ubatizo ukasogezwa. Kwanza walisema baada ya mshipa huu wa mawe, kisha Noeli, kisha tungoje mvua zipite ili udongo utulie. Ibada hazikukoma hata moja. Sisi tuliimba juu, na chini ya miguu yetu tulisikia nyundo. Donatien alijifunza kuhubiri kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa nikuambie jambo litakalokuudhi hata wewe. Wachimbaji wa hapa wanaamini kwamba mwanamke akikaribia shimo, madini yanakimbia, au udongo unakasirika na kuwafunika watu. Wewe ulilipinga jambo hilo maisha yako yote. Nakumbuka ulivyowauliza wachimbaji kanisani kama mama zao waliwazaa wakiwa mbali. Basi imani hiyo imehamia uani mwa kanisa lako. Dimitri alitangaza, Biblia ikiwa kwapani, kwamba wamama wasipite tena upande ule. Maombi yetu ya Alhamisi yalihamishiwa nyumbani kwa mtu, na kwa ajili ya choo tukawa tunabisha hodi kwa jirani. Nilimuuliza Donatien ni andiko gani. Akasema si imani, ni utaratibu wa kazi tu, wachimbaji wasiwe na wasiwasi. Nikamwambia kama wachimbaji wanawaogopa wamama kuliko Mungu, basi awahubirie hao kwanza. Tangu siku ile nikaitwa mama mwenye kiburi.

Kalonji hakutaka kushuka. Alikuwa ameacha kuchimba pamoja na pombe, maana kwake vyote viwili vilikuwa kitu kimoja, na alikuwa anabeba mizigo sokoni. Donatien alimwita, akamwambia kwa upole kwamba anayetaka kubatizwa aonyeshe matunda, kwamba kazi ya shimo ni kazi ya Bwana, na kwamba mwenzake wa darasa, Beya, anashuka kila siku bila kunung'unika. Hakusema kwamba asiposhuka hatabatizwa. Hakuhitaji kusema. Kalonji alirudi nyumbani, akakaa, akavua viatu, akaniambia, "Mi nitashuka tu mpaka ile kazi iishe. Ikiisha, batatubatiza." Nilimkataza. Nilimkataza kwa ukali mpaka nikatupa sufuria. Akacheka, akaiokota, akasema mimi ndiye niliyemwonyesha kuvumilia, sasa nimwache avumilie.

Ilikuwa mchana. Mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali. Mikate yangu ilikuwa kwenye mafuta niliposikia makelele kutoka upande wa kanisa. Ni sauti ambayo kila mwanamke wa Kasulo anaijua, na kila mmoja anaomba iwe ya nyumba nyingine, Mungu atusamehe. Nilikimbia na kijiko changu kirefu cha kugeuzia mikate. Mlangoni Dimitri alinyoosha mikono yote. "Mama, usiingie! Bengine bangali chini! Ukiingia, udongo itabafunika!" Nikamwambia bwana yangu yuko mle. Akasema tena kwamba mwanamke haingii. Ndipo nikampiga, tata. Nilimpiga begani na kijiko cha moto, na kama angekuwa mfupi ningempiga kichwani. Sehemu hiyo waliyokusimulia ni kweli kabisa.

Walikuwa wamemvuta kwa kamba wakamlaza juu ya magunia. Ukuta wa shimo ulikuwa umembana kifuani. Alikuwa anaongea kidogo kidogo, akipumzika kati ya neno na neno. Wengine wote walitoka salama, na naomba ulishike hilo: niliingia mimi, mwanamke, nikasimama ukingoni, na udongo haukumfunika mtu. Donatien alifika na suti yake. Kalonji alimtambua, akamwambia, "Pasta, unibatize. Mi naenda." Sote tulisikia. Beya alisikia, Dimitri pia, maana alikuwa amenifuata akijishika bega.

Unajua mwanafunzi wako alijibu nini? Alijibu kwamba Kalonji hatakufa. Alisema kumbatiza sasa ni kukubali kifo, ni kukosa imani mbele ya watu. Alisema darasa halijamalizika. Alisema kanisa letu linazamisha, halinyunyizi, na pale hapakuwa na maji ya kumzamisha mtu mzima. Kisha akaweka mkono juu ya kifua kile kilichovunjika, nacho kikatoa mlio, akaanza kukemea mauti kwa Kifaransa. Alikemea mpaka jasho likalowesha kola. Kalonji hakuwa akimtazama yeye, alikuwa ananitazama mimi. Nilimwambia Donatien aache kelele, afanye alichoombwa. Akaniambia nitoke, nimeshapanajisi mahali.

Kilichofuata hapo uani nitakisema chini. Hapa nikuambie tu kwamba pikipiki ilipatikana baadaye, tukampakia kati yangu na dereva, na kabla hatujafika hospitali kichwa chake kilikuwa kizito begani mwangu. Dereva alitaka kuendelea. Nilimwambia ageuze, atupeleke nyumbani.

Donatien alikuja msibani na wazee wa kanisa. Walisema wanasikitika, lakini marehemu hakuwa amebatizwa, kwa hiyo kanuni haziruhusu jeneza lake kuingia kanisani, wala kwaya kuimba kaburini. Walisema ni kanuni zako, wakataja jina lako. Kisha wakaongeza kwamba wakubwa wa serikali wakija kuuliza, jibu la kanisa ni kwamba Kalonji aliingia shimoni mwenyewe, kwa tamaa yake, bila kutumwa. Yaani alikuwa mwizi. Nilikuwa nimekaa chini mkekani kama mjane anavyokaa, na mjane hasimami wageni wakiongea. Nilisimama. Niliwatoa nje mmoja mmoja, na nilimrudishia Donatien gunia la mchele alilokuja nalo, nikaliweka mikononi mwake mbele ya watu.

Hata wale waliotaka kunifariji walinivuta upande wao. Jémima, dada ya Kalonji aliyetoka Likasi, alisema katikati ya kilio, "Ule Mungu wenu alikula ndugu yetu, na munaendelea kumuimbia." Alitaka niondoke naye twende kwa mganga, tujue nani aliyemroga. Majirani nao walinishauri nihamie kwa nabii wa barabara ya pili, ambaye hamtengi mtu mradi analeta sadaka. Wote hao walinihurumia kuliko watu wa kanisa langu, na wote niliwakatalia. Jémima aliniita mjinga. Labda ni kweli.

Sikufichi, kuna siku sikuomba kabisa. Nilifungua Biblia nikaifunga. Siku nyingine nilimwambia Mungu maneno ambayo ungenipiga kofi kama ungeyasikia, nikiwa nimeinama juu ya karai la unga. Nilimuuliza kama huyu ndiye mtumishi aliyemwona anafaa. Nilimuuliza alikuwa wapi na maji yake. Lakini nilipomaliza kugomba niligundua kwamba nilikuwa nimeongea na yeye asubuhi nzima, na kwamba sikuwa na mtu mwingine ninayeweza kumwambia yote yale. Basi nikaendelea. Ndivyo ninavyoomba siku hizi, kwa ugomvi, na sijui kama wewe utaita hiyo imani. Mimi ndiyo niliyobaki nayo.

Tulimzika na wachimbaji wenzake, ambao hawakujua hata wimbo mmoja wa kitabu chetu. Nilianza kuimba peke yangu. Abigaëlle akashika sauti ya pili, ingawa kiongozi wa kwaya alikuwa amemkataza. Tuliimba vibaya, maana pumzi ilikuwa inakatika, lakini hatukuruka ubeti.

Sasa, kile wasichokuambia.

Donatien alipokuwa anakemea kwa Kifaransa, nilitazama huku na huku. Mashine ilikuwa imevuta maji ya shimo kutwa, na kando yake palikuwa na bidoni, yale madumu ya plastiki, zimejaa maji mekundu ya udongo. Beya aliona ninachokitazama. Alitoa kisu, akaikata bidoni moja juu ili mdomo upanuke, akaileta mpaka miguuni pangu. Nikapiga magoti katika matope. Nikamuuliza Kalonji yale uliyotuuliza sisi kijitoni: kama anamwamini Yesu Kristo, kama anaiacha dhambi, kama atamfuata mpaka mwisho. Alijibu, na swali la mwisho alilijibu kwa macho. Nikammiminia maji yale kuanzia kichwani mpaka nyayoni, bidoni moja, na Beya akanipa ya pili, mpaka hapakuwa na sehemu ya mwili wake iliyobaki kavu. Nilisema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nilimbatiza mimi, tata. Naye akasema amina, na sauti yake ilisikika vizuri kwa sababu Donatien alikuwa amenyamaza.

Kisha Donatien akasema, "Haiko ubatizo hii. Ni mwanamuke anamwangia mugonjwa matope." Lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Dimitri alikuwa amevua kofia.

Hilo ndilo wanalotaka nilikane. Suala la kijiko ni kisingizio cha kukuambia wewe tu. Dimitri alishanisamehe, bega limepona, na asubuhi ananunua mikate kwangu bila kutazama pembeni. Wanachotaka ni niseme kwa kinywa changu, mbele ya kanisa, kwamba Kalonji alikufa hajabatizwa. Maana kama alibatizwa, basi alikuwa mmoja wao, na walimzika Mkristo mwenzao kama mzoga, na wakamwita mwizi ili shimo lisifungwe. Shimo halijafungwa. Mashine iliwashwa tena kabla hatujakunja mkeka wa msiba. Na wewe, bila kuuliza, uliwapa sauti yako waipige kwenye spika.

Najua unavyofundisha. Umewekewa mikono, mimi sikuwekewa, na mwanamke habatizi. Ukiwa unaamini kwamba Mungu aliyakataa maji yale, uniandikie mimi, kwa mkono wako, wala usimtumie Donatien. Nitasoma, nitakasirika zaidi, na nitabaki mwanao. Lakini sitasema walichotaka niseme. Jumapili nitakapoitwa mbele, nitakwenda. Nitasimama nitamke kwamba Kalonji Benoît alibatizwa uani mwa kanisa hili, na nitawataja waliokuwapo. Kisha wasome jina langu wakitaka. Jumapili inayofuata watanikuta pale pale kwenye benchi la nyuma, kwa kuwa sijamkosea Mungu kiasi cha kumwachia Donatien nyumba yake.

Kuna jambo jingine, na kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu. Abigaëlle amekataa kubatizwa na Donatien. Amesema hata wakijenga kisima cha marumaru hataingia. Beya naye alikuja nyumbani na wenzake wa darasa. Bado wanashuka shimoni, kwa sababu watoto wanataka kula, na bado hawajabatizwa. Waliniomba niwabatize mimi. Niliwafukuza. Niliwaambia mimi ni muuza mikate, na Kolwezi ina manabii wa kutosha wasioitwa na mtu. Walirudi kesho yake, wakakaa barazani mpaka nikawapa chai, na Beya akaniambia, "Mama, shiye tunaogopa kushuka vile, bila ubatizo." Wewe ungemjibu nini?

Wewe ni pasta, na hakuna aliyekuondolea mikono uliyowekewa. Najua mguu unauma na njia ya huko kwenu Kapanga wakati wa mvua ni mateso. Panda lori la mama Laure linaporudi, ukae mbele karibu na dereva, nimeshaongea naye. Nilikwenda mwenyewe mpaka juu ya bwawa la Nzilo kuangalia mto Lualaba. Maji ya pale ni safi, niliyanywa, na ufuko wake hauna utelezi. Njoo uwabatize hawa watu, mjukuu wako awe wa kwanza. Usipokuja kabla ya Pasaka, nitawaingiza majini mimi. Sitaki kufanya hivyo, na nikiwa peke yangu naomba kikombe hicho kinipite. Lakini nitafanya. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akiomba maji hayo asinyimwe.

Unisalimie sana mama Adèle, na umwambie sabuni aliyoiagiza imo ndani ya mfuko wa samaki. Uwasalimie wajomba wote wa Musumba, na wale wazee wanaonikumbuka nikiwa mtoto. Ubaki na Mungu, tata, na akupe nguvu ya kupanda lori. Umpe mama Laure jibu la mdomo, ndiyo au hapana, kwa sababu nitamngojea sokoni.

Ni mimi binti yako,

Noëlla Ngoy,
mjane wa Kalonji Benoît, mkwe wako